Kumsikiliza Anayeshindwa Kusema

Mhadhara kwa walimu, wauguzi na wazazi wa Bukama

 Jambo tunalokutania leo lipo katika kila mtaa wa Bukama, ila huzungumzwa kwa kunong'onezana. Yupo mtoto wa miaka minne ambaye mpaka leo hana neno zaidi ya "mama". Yupo mwanafunzi ambaye mwalimu akimwita asome, herufi ya kwanza inamganda kinywani na darasa zima linacheka. Yupo mzee aliyestaafu kazi ya reli, kiharusi kimempiga upande wa kuume, anamtambua kila aingiaye mlangoni lakini jina halimtoki. Umri wao ni mbalimbali, na ugonjwa wao ni mbalimbali, lakini sisi tunawatendea namna moja: tunaacha kusema nao. Tunasema juu yao, wakiwa wamekaa papo hapo, kana kwamba hawapo.

Ninalotaka kuwaambia ni hili. Hakuna tiba ya usemi isiyoanza na upimaji, na hakuna upimaji wa kweli usiofanywa kwa lugha ya nyumbani kwa huyo anayepimwa. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Mtoto anapochelewa kusema, jibu la kwanza analopewa mama yake ni kungoja. "Hata baba yake alichelewa." Pengine ni kweli, wapo watoto wanaochelewa kisha wanawafikia wenzao bila msaada wowote. Lakini kungoja bila kupima ni kupoteza miaka ambayo ubongo wa mtoto unaishika lugha kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote. Jibu la pili ni kukata. Anaitwa mtu mwenye wembe, anakata uzi ulio chini ya ulimi, au anakata kilimi kule kooni. Tufikiri pamoja. Ulimi uliofungwa kweli unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na unaweza kuharibu sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi ipande juu. Lakini "mama" na "baba" hutamkwa kwa midomo. Mtoto asiyesema lolote, hata yale ya midomo, tatizo lake haliko chini ya ulimi, na wembe hautamletea maneno. Utamletea damu, na wembe mchafu utamletea pepopunda.

Lipo na jibu la tatu, nalo linaniumiza zaidi: kusema kwamba mtoto huyo ni mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu ya Kongo inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Wachungaji mlioko hapa, nawaomba mlitangaze hilo katika makanisa yenu kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vibaya.

Sasa nije kwenye sikio, na nitakaa hapo kwa muda, maana ndipo tunapowapoteza wengi. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Asiposikia, ulimi ni mzima, koo ni zima, akili ni nzima, ila hana cha kuiga. Na katika nchi yetu njia za kupoteza masikio ni nyingi. Homa ya uti wa mgongo huliharibu sikio la ndani kwa siku chache tu. Dawa kama gentamisini, ikipewa bila kuangalia dozi na siku, huweza kufanya vivyo hivyo. Surua mara nyingi huacha usaha masikioni, na sisi wa mkoa wa Haut-Lomami tunaijua surua kwa uchungu: mlipuko wa 2015 uliwaka sana upande wa Malemba-Nkulu, na ule uliotangazwa 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 nchini kote, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Tulihesabu waliokufa. Waliopona wakabaki na masikio yanayotoa usaha mwaka hadi mwaka, hao hawakuhesabiwa, na leo wamekaa darasani wakiitwa wajinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia wa utotoni ungeweza kuzuiliwa, kwa chanjo na kwa kutibu masikio mapema.

Malaria nayo haiishi homa inaposhuka. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliowahi kulazwa kwa malaria kali, wakawapima lugha miaka kadhaa baada ya kupona. Matokeo yao ya 2006 yalionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kumi alibaki na kasoro ya lugha, wakati kwa wenzao ambao hawakupatwa na malaria kali ilikuwa kama wawili katika mia. Muuguzi anayemruhusu mtoto kutoka lopitali baada ya degedege na kupoteza fahamu, amwambie mama arudi naye, na akirudi amwulize: bado anasema kama alivyokuwa akisema?

Kupima sikio si lazima tungoje mashine kutoka Lubumbashi. Mashine ni bora, lakini tuanze na tulicho nacho. Kwa mtoto wa kama miezi minane hadi mwaka na nusu, mama amkalishe mapajani, mtu mmoja akae mbele yake amchezee kidogo kwa kitambaa. Wa pili asimame nyuma, pembeni, umbali wa kama mita moja, mahali ambapo mtoto hamwoni. Kitambaa kikitulia, wa nyuma atikise polepole kopo lenye punje chache za mahindi, usawa wa sikio. Asitupe kivuli, asikanyage sakafu kwa kishindo, asimguse mama. Mtoto anayesikia atageuka. Afanye upande wa pili, kisha arudie, maana kugeuka mara moja kunaweza kuwa bahati. Kwa mtoto wa shule au mtu mzima, simama nyuma yake umbali wa mkono, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, toa pumzi, kisha mnong'oneze maneno sita anayoyafahamu, moja baada ya jingine. Asipoweza kurudia hata matatu, sikio hilo lichunguzwe. Na kabla ya yote angalia ndani: nta iliyoziba na usaha vinatibika hapa hapa.

Baada ya sikio inakuja lugha, na hapa ndipo wataalamu wengi kutoka mbali wanapokosea wakifika kwetu.

Reli ilipofika Bukama mwaka 1918 kutoka Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mji huu ukawa bandari: mizigo ilishushwa kwenye treni ikapakiwa kwenye mashua za mto Lualaba kuelekea kaskazini. Pamoja na mizigo kikaja Kiswahili cha wafanyakazi. Hivyo mtoto wa Bukama anazaliwa katika Kiluba cha bibi yake, anacheza kwa Kiswahili, na darasani anakutana na Kifaransa. Mpimaji akimwekea picha za kitabu kilichotungwa Paris na kumtaka ataje kwa Kifaransa mnyama ambaye hajawahi kumwona, mtoto atanyamaza. Kimya hicho kitaandikwa kuwa ugonjwa.

Nitoe mfano wa wazi. Kiluba hakina sauti ya r. Mtoto aliyelelewa kwa Kiluba akisema "kalatasi" au "ladio", anatamka kama watu wa nyumbani kwake wanavyotamka. Hana kasoro yoyote, na mwalimu anayempeleka kwa mganga kwa ajili hiyo anamwonea. Lakini mtoto huyo huyo akisema "tata" kila mahali panapotakiwa "kaka", yaani sauti za nyuma ya kinywa zote anazileta mbele, na ameshatimiza miaka mitano, hapo pana jambo, maana k ipo katika Kiluba, Kiswahili na Kifaransa. Vilevile Kiluba hutofautisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti. Kipimo kilichotungwa kwa lugha isiyo na jambo hilo hakitakuwa na hata mstari mmoja wa kuliuliza. Mpimaji asiyejua Kiluba amkalishe karibu yake bibi anayekijua, amwulize: anavyosema hivi, ndivyo wanavyosema wenzake?

Wenzetu wa Kilifi walituonyesha njia. Katie Alcock na wenzake walitaka kujua watoto wadogo wana maneno mangapi kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Orodha za Kimarekani za kazi hiyo hujazwa na mzazi mwenyewe kwa kalamu. Wao walikuwa na wazazi wengi wasiosoma, basi wakaenda kuwauliza ana kwa ana, na maneno wakayachukua katika maisha ya pale, si katika tafsiri. Kazi hiyo ilichapishwa 2015. Orodha ya Bukama ingekuwa na bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), wavu, mtumbwi, samaki, treni, mvua, na majina ya ndugu jinsi tunavyoitana. Walimu wa shule ya msingi wanaweza kuanza kuikusanya wakitaka. Ila jambo moja lizingatiwe: mtoto wa lugha mbili, hesabuni maneno yake ya lugha zote pamoja. Mwenye ishirini ya Kiluba na thelathini ya Kiswahili anayo hamsini. Wala msimwambie mama aache Kiluba ili mtoto asichanganyikiwe. Lugha mbili hazimletei mtoto ugonjwa wa usemi, na mama anayekatazwa lugha yake huishia kusema na mtoto maneno machache tena ya amri tu.

Kipo kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakihitaji picha wala kalamu ya mtoto. Sharynne McLeod na wenzake wa Australia walikitoa mwaka 2012, nacho kimekwisha kupelekwa katika lugha nyingi za dunia. Ni maswali saba tu kwa mzazi. Wewe unamwelewa mtoto wako? Watu wa nyumbani wanamwelewa? Ndugu wa ukoo? Rafiki zake? Watu wanaomfahamu? Mwalimu? Mgeni? Kila jibu linapewa alama kutoka moja hadi tano, tangu "kamwe" hadi "sikuzote". Uzuri wake ni kwamba swali linaulizwa kwa wasikilizaji, na wasikilizaji wa mtoto wa Bukama ni watu wa Bukama.

Miaka yenyewe nitaipitia haraka, maana wamama mnaijua kuliko mimi. Karibu na mwaka mmoja neno la kwanza, na kabla ya hapo kuonyesha kitu kwa kidole. Miaka miwili, maneno kama hamsini na kuunganisha mawili: "mama maji". Miaka mitatu, nyumbani wanamwelewa. Miaka minne, hata mgeni anamwelewa kwa sehemu kubwa. Mtoto asiyeonyesha kwa kidole wala kugeuka akiitwa jina lake, ingawa anasikia, apelekwe mapema. Na aliyekuwa akisema kisha akaacha, huyo apelekwe wiki hiyo hiyo.

Nasema neno fupi juu ya mdomo wa sungura na kaakaa lililopasuka. Duniani huzaliwa nao mtoto mmoja katika kila 700 hivi. Mdomo hushonwa akiwa na miezi kama mitatu, akishapata uzito. Kaakaa hushonwa kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu, ili aanze kusema akiwa na dari kamili kinywani. Akishashonwa, watu hudhani kazi imekwisha. Chukueni kioo kidogo, kiwekeni chini ya pua yake, mwambieni aseme "paka, paka, paka". Kioo kikifanya ukungu, pumzi inavuja puani, na mtoto huyo bado anahitaji mazoezi, pengine na upasuaji wa pili.

Kigugumizi kinanihitaji muda zaidi, kwa sababu hapa Bukama kinatibiwa kwa fimbo. Karibu mtoto mmoja kati ya ishirini hupita katika kigugumizi, mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano. Takriban robo tatu yao kinawaacha. Kwa watu wazima hubaki kama mmoja katika mia, na wanaume ni wengi kuliko wanawake kama mara nne. Hutembea katika ukoo, na kinahusiana na jinsi ubongo unavyopanga mwendo wa usemi. Hakiletwi na woga. Woga unakuja baadaye, sisi ndio tunaouleta. Tazameni kwaya zetu siku ya Bwana: kijana anayekwama kutaja jina lake mwenyewe anaimba beti zote bila kujikwaa. Ulimi wake basi ni mzima.

Kwa mtoto mdogo, njia iliyoanzia Lidcombe, Sydney, miaka ya 1980 inamfundisha mzazi kazi hiyo chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kila siku, kwa muda mfupi, mzazi anakaa na mtoto peke yake katika mchezo mwepesi ambao hauhitaji sentensi ndefu. Sentensi ikitoka laini, anamsifu: "Hiyo imetoka vizuri." Akikwama, mara nyingi anaacha ipite, mara chache anasema tu kwa upole, "Hapo palikuwa na mkwaruzo." Hakuna "pumua kwanza", hakuna "sema polepole", hakuna kummalizia neno. Kwa mtu mzima lengo hubadilika. Anafundishwa kuanza sauti kwa pumzi laini, kurefusha silabi ya kwanza, kuachia pale anapokaza, na zaidi ya yote kutolikimbia neno. Wengi hubadilisha neno ili wasikwame. Mwisho wanabadilisha kazi, wanabadilisha hata mtu waliyetaka kumwoa kwa sababu hawakuweza kutamka jina lake mbele ya wazee wake. Walimu, msimwondoe mwenye kigugumizi katika zamu ya kusoma. Msomesheni pamoja na mwenzake, wawili kwa sauti moja, na mtaona anavyosoma.

Nije kwa watu wazima waliowahi kusema vizuri kisha wakanyang'anywa. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebaki na silabi moja, "tan", aliyoitumia kwa kila jambo huku akielewa anachoambiwa. Alipofariki walikuta dhara katika upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Tangu hapo tunajua kwamba mtu anaweza kupoteza maneno bila kupoteza akili. Hiyo huitwa afasia, nayo huwapata kama theluthi moja ya waliopatwa na kiharusi. Kwetu kiharusi si cha wazee tu. Shinikizo la damu lisilopimwa linawaangusha watu wa miaka arobaini, na selimundu, ule ugonjwa wengi wanauita SS, unaweza kumpiga kiharusi mtoto wa shule. Mtoto wa SS aliyeamka asubuhi bila maneno, au midomo imekwenda upande, ni wa lopitali saa hiyo hiyo.

Mwenye lugha tatu akipigwa kiharusi, ni ipi itarudi kwanza? Mfaransa Théodule Ribot, mwishoni mwa karne ya 19, alisema ya utotoni. Albert Pitres mwaka 1895 akajibu kwamba hurudi ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wenyewe huonyesha kwamba kila mmoja wa hao wawili alikuwa sahihi kwa baadhi yao tu. Kwa hiyo mzee wa reli apimwe kwa Kiluba, Kiswahili na Kifaransa. Yawezekana amri za kazini za Kifaransa bado zimo, wakati Kiluba cha mke wake kimefungwa. Familia ikijua hivyo haitadhani kwamba amewasusa.

Upimaji wenyewe ni huu. Kwanza mkalishe wima, mpe kijiko kimoja cha maji. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, simamisha, asipewe kinywaji mpaka muuguzi amwangalie, maana kinachoharibu usemi mara nyingi kinaharibu na kumeza. Kisha mwambie, "Baba, fumba macho," bila kumwonyesha kwa mkono. Mwekee ufunguo, kijiko na kikombe, mwambie akupe kimoja. Mwulize jina la kila kimoja. Mwambie arudie neno. Mwambie ahesabu, au ataje siku za juma, au aimbe wimbo wa kanisa anaoujua. Wengi wasioweza kuomba maji wanaimba, na huo ni mlango wa kuingilia. Ukishajua kinachobaki, jenga juu yake. Swali la ndiyo au hapana ni bora kuliko swali refu. Daftari lenye picha za maji, bukari, choo, maumivu, na picha za wajukuu. Mpe muda, ngoja mpaka uone aibu ya kungoja, kisha ngoja tena. Nafuu kubwa huja miezi ya kwanza, lakini watu huendelea kurudisha maneno hata baada ya miaka.

Mtaniuliza: nani atafanya kazi hii? Wataalamu wa usemi, wale tunaowaita maortofonisti au malogopede, ni wachache mno. Lomé, nchini Togo, wanafundishwa tangu 2003, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Kifaransa. Makerere, Uganda, ilianzisha shahada yake 2008. Kongo yetu iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeweka haki hizo katika nyumba yetu wenyewe. Vijana wa Haut-Lomami wapelekwe kusoma, na mkoa ulipe; nitalidai hilo Kamina, makao makuu ya mkoa, kila nitakapopata nafasi.

Lakini siku ya kupima uzito wa watoto haingoji Kamina. Watoto wanakuja, mizani ipo, muuguzi yupo, na wahudumu wa jamii wapo. Mwaka 1984 yalitungwa maswali kumi ya kutambua ulemavu wa watoto wa miaka miwili hadi tisa, yakajaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na manne kati yake ni yetu: anasikia? anaelewa anachoambiwa? anasema maneno yanayotambulika? usemi wake ni tofauti na wa wenzake? Yaulizwe kwa Kiluba au Kiswahili, mama achague. Daftari moja liwekwe kwenye meza ya mizani, safu nne za majibu, na ya tano ya kuandika mtoto alipelekwa wapi na alirudi lini. Jibu lolote baya, masikio yaangaliwe na kopo la mahindi litikiswe siku hiyo hiyo, kabla mama hajafunga mtoto mgongoni. Kopo nimelileta. Wauguzi wanaotaka kujaribu, tubaki.